Uwazi Mbele ya Mfalme

Mjomba Shekue, bingwa wa sataranji wa mji ule, alimlaza mfalme wake ubaoni. Kibaraza kizima kikalipuka kwa makofi. Zuwena alikuwa amemfunga, na yeye ndiye atakayekwenda Jumapili kucheza na bingwa wa ng'ambo ya mto.

Desturi yao ni kwamba mshindi huinuka akanywa kahawa, na mchezo ule haurudiwi tena. Zuwena hakuinuka. Alizirudisha kete mojamoja mpaka ubao ukawa kama ulivyokuwa katikati ya mchezo.

"Umeshashinda, binti," Shekue alisema. "Kaburi unalifukua la nini?"

"Hapa niliwasukuma askari wangu kwa pupa, nikaacha uwazi mbele ya mfalme. Farasi wako angeingia, ningekwisha."

Shekue aliutazama ubao kwa muda. "Sikuuona."

"Wa ng'ambo atauona."

"Kumbe ni ushindi wa bahati," mtu mmoja alicheka nyuma yao.

"Kesho njoo ukae hapa uitafute hiyo bahati," Zuwena alimjibu bila kugeuka. "Mjomba, ingiza farasi. Nifunge."

"Mbele ya watu wote hawa? Watasema hukustahili kwenda."

"Waache waseme. Jumapili nacheza mimi, hawachezi wao."

Shekue alimnyanyua farasi, akamtua taratibu kwenye uwazi ule. Makofi yalikuwa yamekoma. Zuwena alikunja mikono ya gauni lake, akausogelea ubao, na kando yake kahawa ya mshindi ikaendelea kupoa.