Kanga Isiyomwenea Bi Nyumbu

Tulieni niwape ya Kima, fundi wa kejeli. Kila harusi alimzawadia Bi Nyumbu kanga yenye maneno ya kumtukana, kwa kuwa alijua mama huyo hasomi. Bi Nyumbu alijifunga, akacheza kwa madaha, na wanyama wakacheka chinichini.

"Imekukaa hiyo, mama!" Kima alimsifu.

"Ahsante, mwanangu."

Mwaka huu Bi Nyumbu akajiunga na ngumbaru, darasa la watu wazima la Mwalimu Korongo. Kwenye harusi ya Swala, Kima akaleta kanga mpya. Bi Nyumbu hakujifunga. Aliitandaza chini, akaweka ukwato kwenye herufi ya kwanza. Ngoma ikanyamaza.

"Ki-chwa... kichwa ki-ku-bwa... ndani... ham-na... kitu!"

Wanyama wakainama kwa aibu, wakingoja alie. Lo! Bi Nyumbu aliruka juu kama ndama.

"Nimesoma! Jamani, nimesoma mpaka mwisho!"

Vigelegele vikalipuka. Mwalimu Korongo akasahau heshima zake, akacheza kwa mguu mmoja.

Bi Nyumbu akamtupia Kima kanga ile mabegani.

"Jifunge wewe, mwanangu. Mimi hainienei tena."