Mikono ya Shomari

Kila mtu mzima hupigwa sindano moja kwa mwaka. Dawa yake hukuza mishipa ya fahamu kichwani, na kazi yoyote ambayo mikono itaifanya saa ile haisahauliki tena; mikono huirudia vilevile ilivyoifanya siku hiyo. Mume wangu Shomari aliniambia ya kwake ameitumia kujifunza kuchomelea mageti.

Jana msusi wangu aliumwa. Shomari akasema, "Kaa chini, mama Zuhura, nikusuke mimi."

Akanisuka mtindo wa twende kilioni, mistari imenyooka kabisa.

"Umejifunzia wapi?"

"Si nakuangaliaga tu ukisukwa."

Lakini kila vidole vyake vilipofika nyuma ya sikio langu la kushoto, vilikwepa kitu taratibu, kama vinaogopa kutonesha.

Asubuhi nzima napapasa pale. Mimi sina kidonda.