Uso wa Seremala

"Weka msumeno baada ya uso," mwongozaji alisema. "Watu wasisimke."

Mhariri akaweka msumeno. Kwenye kioo cha kompyuta, seremala alitazama mbele, kimya; kisha ukafuata msumeno uliotundikwa ukutani mwa karakana yake. Papo hapo uso ule ukawa wa muuaji.

"Sasa tazama hapa," mhariri akasema. Akautoa msumeno, akaweka kitanda kilichotandikwa vizuri, na gauni la mke likining'inia msumarini. Uso ulikuwa uleule, hata kope haikubadilika. Lakini sasa ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

Mwongozaji akakuna kidevu. "Wewe mama ni mchawi."

Mke wa seremala alitoweka mvua zilipoanza. Mtaani walinong'ona kwamba mumewe anajua alikomfukia. Polisi walimhoji, wakamwachia. Kipindi kilimhusu yeye, na mhariri alikuwa ameshachagua upande. Kaka yake mwenyewe aliwahi kusingiziwa wizi. Maneno ya watu yalimmaliza kabla ukweli haujajulikana.

Kusema kweli, uso ule haukuwa na huzuni wala ukatili. Seremala alipigwa picha akiwa amekaa tu kitini, akisubiri taa zirekebishwe. Katika kipande kizima alisema jambo moja: "Mnamaliza saa ngapi?" Mhariri akalikata.

Akamkata na jirani, bibi mmoja mwenye kikohozi, aliyesema kila jioni alikuwa akisikia vishindo ukutani, halafu kimya.

"Vishindo kwa seremala ni ajabu gani?" mhariri aliuliza.

Mwongozaji hakucheka. "Yule mtu simwelewi. Nilimpa mkono, nikajiona kama nimeshika ubao."

"Ugumu wa mkono si ushahidi, bwana."

Kipindi kikarushwa. Simu za studio hazikupoa. Waliomwita seremala muuaji sasa walimpelekea kazi. Kuna aliyeagiza kabati wakati hana hata nguo za kulijaza. Mwongozaji alipopongezwa, alimsonta mhariri kwa kidole: "Mshukuruni huyu."

Kwa hiyo mapokezi walipomwita kwamba ana mgeni, mhariri hakushangaa. Watazamaji walikuwa wakitoka mbali kuja kumsalimia.

Huyu alikuwa mwanamke mwembamba, begi la safari miguuni, mtandio ameushusha hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

Mgeni alipokea kikombe kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi. Wa kulia ulikuwa umepinda kwenye kiwiko, kama mfupa uliojiunga wenyewe bila kumwona daktari.

"Kipindi chenu nimekitazama tena na tena," akasema. "Nina swali moja tu. Pale anapokitazama kile kitanda... ni kweli? Hakuambiwa afanye vile?"

Mhariri akafungua kinywa. Alitaka kumweleza habari za taa. Lakini macho ya mgeni yalikuwa yakimsihi, na sifa nazo ni asali.

"Hakuambiwa na mtu," akajibu. Huo haukuwa uongo.

"Kwa hiyo anampenda mkewe?"

"Mwanangu, uso haudanganyi."

Mgeni akashusha pumzi kama aliyetua mtungi. Akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akatabasamu, akainama kulichukua begi lake.

"Ahsante, mama. Ngoja niwahi gari la mchana nirudi kwangu," akasema. "Nilimkimbia nikidhani ataniua."