Swali la Birika

Ulipandisha kioo cha gari. Usikane, tulikuona. Ulipofika penye kibao cha Ghuba ya Namegos, kile kinachosema CHEMSHA MAJI KABLA YA KUNYWA, uligeuza uso upande wa ziwa, ukaisifu misonobari, ukakanyaga mafuta. Kibao hicho kikipauka, serikali huleta kipya upesi. Kwa vibao hawajambo.

Hukumwona Verna Necan, aliyeketi barazani kwa mama yake hatua chache nyuma ya kibao, akikipekua kitabu cha mtihani kama mtu anayekula samaki mwenye miiba mingi.

Mtambo mpya wa kusafisha maji ulikuwa tayari. Una pampu, una vichujio, una klorini. Una kufuli pia, kwa sababu sheria ilisema usiwashwe mpaka apatikane mtu mwenye leseni ya kuuendesha. Kijiji kizima kilimtuma Verna. Alikuwa ameshafeli mara mbili, na mara zote mbili kwa swali moja tu.

"Hebu soma lile linalokuchinja," alisema Elroy, binamu yake, mdomo umejaa mkate wa kikaangoni.

Verna akasoma. "Mteja anauliza afanye nini kabla ya kunywa maji ya bomba kutoka kwenye mtambo wenye leseni. A, ayachemshe. B, ayachuje kwa kitambaa. C, asifanye kitu, anywe."

"A," akadakia mama yake, Bi Delphine, kutoka jikoni, bila hata kugeuka. Birika lilikuwa linapiga mluzi mbele yake.

Elroy akacheka mpaka mkate ukampalia. "Ukoo mzima mmefeli! Sikiza, Verna, ukiingia kule jisahau. Jifanye umezaliwa mjini, kwenu kuna bustani ya kumwagilia, na mbwa wako anakunywa maji safi kuliko shangazi hapa."

"Nyamaza, mpuuzi we," Verna akasema, lakini alikuwa anacheka.

Akaushusha mkono wa shati. Kuanzia kiwikoni hadi kiganjani ngozi yake ilikuwa imekunjamana, kazi ya birika lililompindukia zamani, akijifunza kutembea. Kila alipofika kwenye swali lile, ni mkono huo uliochagua A. Yeye mwenyewe hata hakuulizwa.

Aliyemfelisha ni Bwana Pruitt, mtahini mkuu, ambaye ndiye pia aliyefundisha darasa la kujitayarisha kule mjini. Alimrudishia karatasi mbele ya wenzake.

"Bi Verna, kuchemsha ni hofu, na hofu haina alama kwenye mtihani wangu. Mtambo ukishakuwa na leseni, maji ni maji. Mimi hunywa bombani popote niendapo."

"Popote?" Verna akauliza.

"Popote penye leseni."

Darasa likacheka. Verna hakucheka, wala hakusahau. Watu wa Namegos ni wagumu wa kusahau. Wanamkumbuka hata yule mheshimiwa aliyekuja na kamera, akaahidi maji kabla ya barafu kuyeyuka, akaondoka na samaki wao waliokaushwa chini ya kwapa. Barafu imeyeyuka na kuganda tena hadi wamechoka kuitazama.

Mara ya tatu, Verna aliushika mkono wa kovu kwa ule mwingine, akaushurutisha uandike C. Alijisikia kama anatoa ushahidi wa uongo mahakamani. Akafaulu.

Kufuli likafunguliwa, pampu zikanguruma. Maabara ya mjini ikayapima maji, ikayakuta safi. Verna akayapeleka tena, maana hakuamini. Safi. Ndipo ikapangwa siku ya kukiondoa kibao, na Bwana Pruitt akaletwa pamoja na waandishi wa habari ili akiondoe kwa mikono yake.

Watu wakajipanga penye bomba. Bi Delphine akatangulizwa. Akainusa glasi, akaigugumia yote, akajilamba midomo.

"Haya mbona hayana ladha ya birika?" akalalamika. "Niongezeeni."

Elroy akanywa, akajimwagia mengine kichwani, akapiga yowe. Wamama wakawanywesha watoto. Wengine walikuwa wanalia na kunywa papo hapo.

Bwana Pruitt akahutubia. Alisema sayansi imeshinda hofu. Alisema leseni ile ni sawa na leseni nyingine yoyote nchini, na Verna ni sawa na mwendeshaji mwingine yeyote. Akapigiwa makofi. Verna akajaza glasi mbili, moja akamkabidhi.

"Kwenye midomo, Bwana, tafadhali!" wapiga picha wakaita.

Akaiinua, akatabasamu. Glasi ikagoma karibu na meno. Tabasamu likabaki palepale, ila mwili ulimwinamia Verna taratibu.

"Bi Verna," akanong'ona, "mmeyachemsha?"

Verna akapandisha mkono wa shati mpaka kiwikoni.

"C," akamjibu, na sauti ikafika barabarani. "Kunywa. Sasa hivi."

Nawe uliyepandisha kioo, simamisha gari. Shuka. Glasi ya pili ni yako.