Ulimi wa Daraja la Kwanza

Kule juu angani ulimi hufa ganzi, na mvinyo wa bei mbaya huwa kama maji tu. Ndiyo maana abiria wa daraja la kwanza huazimiwa ulimi wa mtu aliye chini, na mwenye ulimi akabaki hajui chumvi wala sukari mpaka ndege itue.

Yudithi wa Dodoma aliifanya kazi hiyo miaka mitatu. Siku za safari alipika mlenda kwa kukisia, na binti yake wa miaka sita, Mbeleje, ndiye aliyemwonjea.

Juzi shirika la ndege likamwachisha kazi: wateja wanalalamika, ulimi wake umechakaa. Yudithi hakusikitika hata kidogo. Asubuhi hii alionja uji akaipata ladha yote, maziwa, ndimu, na sukari vijiko vitatu.

Mbeleje akasukuma kikombe. “Mama, uji wako leo hauna kitu.”

“Hebu onja tena, mwanangu.”

“Nimeonja. Ni maji ya moto.”

Yudithi akamgeukia mumewe, Chilongani, aliyesimama mlangoni akitazama saa yake.

“Mwache,” alisema Chilongani. “Ndege inatua saa nne.”