Upande wa Ndani wa Ukuta

Nyundo ya Atabo ilisimama hewani.

Jiwe lililokuwa miguuni pake lilikuwa la mwisho, kutoka kwenye ukuta ambao askari wa Mwingereza waliujenga kilimani nje ya Lodwar wakimsubiri Mtaliano wakati wa vita. Miezi mitatu Atabo alikuwa ameubomoa peke yake, akiuza kokoto. Kila jiwe alililaza upande bapa chini, akalipiga mgongoni, maana hivyo hupasuka upesi. Hili tu lilimponyoka likaanguka chali.

Kwenye upande ule bapa palikuwa pamechorwa duara lenye mikia miwili.

Aliligusa kwa kidole. Alama hiyo baba yake aliichoma kwenye paja la kila ngamia wake, kama alivyofanya babu kabla hajachukuliwa kuwabebea askari hao maji, asirudi tena. Kisha ukame ukamaliza ngamia, na kaka zake wakaondoka duniani mmoja mmoja. Hakubaki mtu mwingine wa kuitambua.

"Mama, hiyo jiwe moja tu imebaki," dereva wa lori aliita. "Piga tujaze, twende."

"Hii ni ya kwetu."

"Ya kwenu namna gani? Si ni mawe ya wazungu?"

Atabo aliweka nyundo chini, akapanda nyuma ya lori, akapiga magoti juu ya kokoto zilizojaa hadi ukingoni, akaanza kuzigeuza moja moja.