Kamba ya Kisimani

“Usinifundishe hesabu leo, Baba Kheri! Kisima hiki kimemmeza mwanetu, nami nakifukia.”

“Tazama kwanza, mke wangu,” alisema Rehani, aliyefundisha hesabu za maumbo chuoni. Alikuwa amezungusha kamba kwenye ukuta mfupi wa kisima na kuivuta kwa mikono miwili. “Ipinde, isogeze upendavyo. Haitasinyaa ikawa nukta, maana katikati pana shimo. Shimo likifukiwa, kamba itasinyaa yote iwe nukta, kama vile hapakuwahi kuwa na kitu. Kama vile Kheri hatukumzaa.”

Bishara, mkewe, alitaka kulia, akajizuia.

“Na Tumu je? Jana nilimkuta hapa, kashika ukuta, anachungulia akimwita kaka yake. Naye utamkumbuka kwa kamba?”

Rehani hakuiachia kamba.

Bishara alijifunga kanga kiunoni, akapiga magoti, akalikumbatia jiwe la juu la ukuta na kulisukuma ndani. Maji yalilia mbali chini. Akashika la pili, kisha la tatu.

Mikononi mwa Rehani, kamba ilianza kulegea.